Tupeane uzoefu: kupiga picha rangi na michoro ya asili, Unguja na Pemba

Mpwani Mkavu: Wadau, leo nimeona picha ya mchanga wa Paje maji yamekupwa, mistari mitupu, hakuna mtu wala ngalawa. Nani mwenzangu ana ugonjwa huu wa kupiga magome, matumbawe, mizizi ya mikoko? Naanza mimi: nendeni bamvua, maji yanapokupwa sana, mwezi mwandamo au mpevu. Maji mafu, yale ya nusu mwezi yanayokupwa kidogo, mwamba hautoki.

Mwana Mwani: Kweli.

Dau la Babu: Si kweli, yakhe. Bamvua kwetu maji hukupwa mwisho saa nne, saa tano, jua lishapanda na mistari haina kivuli. Maji mafu hukupwa alasiri, jua linalala, kila mkunjo wa mchanga unaonekana.

Mpwani Mkavu: Mchanga sawa. Matumbawe utayaonea wapi?

Chake Kwetu: Nyinyi mnagombania mchanga, mimi nusura nilale ndani kwa karafuu. Msimu ule nimekwenda kwa ami yangu, huko nyuma ya Wete. Kando ya njia wameanika karafuu majamvini: za leo kijani na wekundu kichwani, za jana zishaanza kugeuka, za juzi hudhurungi ya kuiva. Nikapiga magoti, simu karibu kabisa, mpaka vile vimeno vinne na kidonge chake katikati vinaonekana. Nasikia, "We! Unahesabu nini hapo?" Mzee na panga, vijana nyuma yake. Mnajua wenyewe, karafuu mnunuzi ni Shirika la serikali tu na magendo ni kesi. Mtu hawamjui kainamia karafuu na simu, basi ama mpelelezi ama mwizi. Simu ikachukuliwa, nikapelekwa kwa sheha, mkuu wa mtaa. Sheha kafungua picha moja moja: karafuu, karafuu, gome la mkarafuu, kuvu, karafuu. "Mwanangu, umetumwa na nani?" Nikamwambia sikutumwa, napenda rangi tu. Wallahi hapo ndipo nilipojimaliza. Ami alipofika alicheka mpaka akakaa chini. Simu nikapewa, picha zote zimefutwa.

Bint Mtambwe: "Napenda rangi" 😂😂😂

Dau la Babu: Mzee ana haki. Mali ya mtu iko chini unaiinamia bila salamu?

Chake Kwetu: Salamu nilitoa.

Dau la Babu: Kwa nani, kwa karafuu?

Mwana Mwani: Hata sisi wakulima wa mwani ndiyo yetu hayo. Mtu anakuja anakanyaga kamba za mwani, anakata taitai, vile vikamba vya kuufungia, ukimsemesha anakwambia "rangi nzuri". Ombeni kwanza. Na mwani mpige ukiwa majini, ukianikwa unapauka.

Bint Mtambwe: Na kiti cha pweza mkiache majini. Watu wanakitoa wanakipanga mchangani eti pambo.

Mpwani Mkavu: Kwani dakika moja kitakufa?

Bint Mtambwe: Tukutie wewe kichwa majini dakika moja, kisha utuambie.

Mgeni wa Jozani: Jamani, mng'ao wa maji mnauondoaje? Nikipiga naona mawingu tu.

Dau la Babu: Miwani ya jua, ile ya kukata mng'ao. Weka kioo chake mbele ya kamera ya simu, zungusha taratibu mpaka chini kuonekane.

Mgeni wa Jozani: Nimejaribu. Naona kidole changu.

Bint Mtambwe: Chake, picha hazijapotea. Tazama kwenye folda la zilizofutwa.

Chake Kwetu: Sheha alifuta na huko.