Mchanga wa kuchezea watoto kwenye tangi la maji chumvi: huo wa bei nafuu au aragonaiti?

MwanaTanga (Minnesota)

Habari za jioni wakuu. Nimenunua tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, kama lita 180 likijaa. Nataka maji chumvi: samaki wachache, matumbawe laini, na wale konokono wanaochomoza mchangani wakinusa chakula. Nimezaliwa Tanga, karibu na Ras Kazone, na nimekua nikiitazama bahari. Sasa naishi mahali ambako kuifikia ni safari ya siku mbili kwa gari, na wanangu wawili hawajawahi kuona tumbawe kwa macho yao. Nataka hili tangi liwe zuri.

Nimekwama kwenye mchanga. Duka la vifaa vya ujenzi linauza mchanga wa kuchezea watoto, mfuko wa ratili 50 (kilo 22.7), kwa bei ya chakula cha mchana. Duka la samaki lina aragonaiti, yaani mchanga wa chokaa, mfuko wa ratili 20, bei yake mara kadhaa ya ule, na mimi nahitaji mifuko mitatu. Mtandaoni kuna wanaoapa kwamba wa kuchezea hauna neno, na kuna wanaosema utanijazia mwani wa kahawia hadi nichukie tangi lenyewe. Kaka yangu anakuja mwezi wa sita, anasema atanibebea wa Pangani kwenye begi. Nifuate lipi?

Mzee wa Newark (New Jersey)

Karibu sana mwanangu. Hao unaowasoma wanabishana kwa sababu wanazungumzia vitu viwili kwa jina moja.

Mimi nilianza mwaka 2001. Wakati ule, huku majimbo ya mashariki, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Home Depot yaliuza mchanga wa kuchezea ulioitwa Southdown. Mfuko ulikuwa wa bei ya chini kabisa, na ndani yake mlikuwa na aragonaiti halisi, kalsiamu kaboneti, sawa na ile ya duka la samaki. Tuliukimbilia. Mtu alikuwa akiendesha gari kwa muda wa saa tatu kuufuata. Baadaye ukaadimika, na leo karibu kila mfuko utakaoukuta umejaa kwatzi, yaani silika. Kwa hiyo ukisoma sifa za mwaka 2002 ukaenda dukani leo, utarudi na madini mengine kabisa. "Mchanga wa kuchezea" ni jina la kazi yake tu, halikwambii umetokana na jiwe gani.

Chukua kijiko kimoja, kausha, dondoshea siki. Ukitoa mapovu ni kaboneti. Ukinyamaza ni silika. Kisha pitisha sumaku juu yake, chembe nyeusi zikiruka na kuganda kuna chuma ndani. Nyingi zikiganda, achana na mfuko huo.

Kioo Kitupu (Bremen)

Kwa nini uweke mchanga hata kidogo? Mimi nina mwaka wa nne bila chembe moja. Nilianza na silika laini sana, pampu mbili zikawa zinaurusha juu ya matumbawe kila siku. Pembe moja ya tangi ilibaki kioo, nyingine ikawa kichuguu. Kupunguza mkondo sikuweza, maana matumbawe magumu yanautaka. Ilinichukua majuma sita kuunyonya wote kwa mpira, kidogo kidogo kila nikibadilisha maji, ili uchafu wa chini usitibuke kwa mpigo mmoja. Sasa kinyesi chote nakiona na nakinyonya. Bakteria wanaosafisha maji wanakaa kwenye mawe, na mawe yanatosha.

Fundi wa Mabwawa (Nairobi)

Nafanya kazi ya mabwawa ya kuogelea, kwa hiyo mchanga wa filta naushika kila wiki. Nao ni silika, bei yake haipishani sana na ule wa kuchezea, lakini umechekechwa: chembe zinalingana, karibu nusu milimita. Wa kuchezea una mchanganyiko, na ndani yake mna unga mlaini kama poda. Unga huo ndio ulioruka kwa ndugu yetu wa Bremen. Aliye Nairobi hana shida ya kuupata, wauzaji wa vifaa vya mabwawa wanao. Huko Marekani pia upo. Usiguse ule wa kujazia katikati ya matofali ya njia, umetiwa gundi ya kuugandisha.

Halafu, tafadhali, fungua mfuko nje na uumwagie maji kabla hujaumimina popote. Vumbi la silika si la kuvuta kifuani, na wewe una watoto.

Nahodha Kilindini (Mombasa)

MwanaTanga, mwambie kaka asibebe. Huo wa Pangani ukiwa mbichi una wadudu na vimelea vya bahari ndani yake. Siku tatu kwenye begi vyote vinakufa, na utakachomimina kwenye tangi ni uozo. Akiukausha, basi ameleta chokaa tupu ambayo ungeinunua hapo ulipo. Ukiwa ni wa kisiwa cha Maziwe, hiyo ni hifadhi na haichukuliwi. Sisi huku vilevile: ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, tangu itangazwe mwaka 1986, hakuna cha kuokota.

Kwa walio pwani, msidhani mchanga wa bahari wote ni mmoja. Mweupe wa visiwani umetokana na matumbawe, makombe, na mwani wa Halimeda ambao mwili wake umejaa chokaa. Sehemu kubwa pono ndiye aliyeusaga: anaguguna tumbawe, anakula kilichomo, na kinachotoka nyuma ni mchanga. Nenda Malindi uone tofauti. Mto Sabaki unashusha udongo na kwatzi kutoka bara, ufuo una rangi ya kahawia na chembe nyeusi. Huo wa Malindi uko karibu zaidi na mfuko wa dukani kuliko na mchanga wa Maziwe, japo umetoka baharini.

MwanaTanga (Minnesota)

Ahsanteni wote. Shikamoo mzee. Kaka nimempigia, amecheka lakini ameelewa.

Mambo mawili bado yananisumbua. Kwanza huo mwani wa kahawia: si kweli kwamba silika ndiyo chakula chake? Pili, muuza duka ameniambia aragonaiti inashikilia pH (kipimo cha asidi, ikishuka maji huwa makali), na nisipoiweka maji yatakuwa makali. Kioo kitupu nimekifikiria, kaka wa Bremen, ila nawataka wale konokono, na binti yangu anataka samaki anayetafuna mchanga.

Mzee wa Newark (New Jersey)

Marahaba mwanangu.

Mwani wa kahawia ni diatomu, na kweli hujenga maganda yao kwa silika. Lakini wanaitaka iliyokwisha yeyuka majini, na chembe ya kwatzi kwenye maji ya bahari karibu haiyeyuki kabisa. Pwani ngapi duniani ni za kwatzi na maji yake ni safi? Silika iliyoyeyuka itakujia zaidi kwenye maji ya bomba. Tumia maji ya RO, yaliyochujwa kwa mashine, kuchanganyia chumvi na utakuwa umeziba mlango mkubwa. Diatomu wa majuma ya mwanzo utawaona hata ukiweka aragonaiti ya bei ghali kuliko zote. Wanakuja na wanaondoka. Nimefungua matangi ya kila aina na sijawahi kuwakosa.

Kuhusu pH, muuzaji amesema nusu ya ukweli. Aragonaiti huyeyuka pale pH inaposhuka. Maji yako yakiwa 8.1 hadi 8.3, kama inavyotakiwa, hayawezi kuiyeyusha. Inayeyuka kidogo chini kabisa ya tabaka, ambako bakteria wameshusha pH, na kwa mchanga wa sentimita tatu au nne hicho ni kidogo mno. Matumbawe laini hayali kalsiamu nyingi. Badilisha maji kwa ratiba na upime alkalini, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isishuke, inatosha. Ungekuwa unajenga tabaka nene la sentimita 12 ningekwambia nunua aragonaiti bila kujadiliana.

Hesabu yako sasa: 90 kwa 45 kwa kina cha sentimita 3.5 ni lita 14 na kidogo, na lita moja ya mchanga mkavu ni kama kilo 1.6. Mfuko mmoja wa ratili 50 unakutosha.

Bi Mkubwa wa Muscat

Mwanangu, madini wamekueleza vizuri, mimi nakuelezea wanyama, maana ndio watakaoishi humo.

Konokono wa Nassarius hawabagui, mradi mchanga uwe laini wa kujifukia. Jongoo bahari naye anaumeza na kuutoa, anataka chembe ndogo zisizo na ncha. Samaki wa binti yako nadhani ni gobi wa madoa ya chungwa, Valenciennea puellaris. Huyo anajaza kinywa, anachuja kwa matamvua, anatema. Kwatzi iliyosagwa kiwandani ina kingo kali. Iliyoviringishwa na maji miaka mingi haina. Chukua chembe chache, ziweke chini ya kioo cha kukuzia, utaona mwenyewe.

Mawe yatangulie kwenye kioo, mchanga ufuate pembeni. Gobi anachimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga siku moja litamwangukia. Nililipoteza jozi langu la kwanza hivyo, na nilijuta.

Usizidishe kina. Sentimita tatu au nne unaweza kuzisafisha. Sentimita saba au nane ndipo pabaya: ni nene hata hewa haifiki chini, na si nene kiasi cha kufanya kazi ya lile tabaka nene alilolitaja mzee. Ukiona mabaka meusi kwenye kioo na ukagusa ikaja harufu ya mayai viza, usiuvuruge wote kwa siku moja. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, ni sumu.

MwanaTanga (Minnesota)

Wakuu, nimerudi na majibu. Nilinunua mfuko mmoja wa kuchezea na mmoja wa filta ya bwawa, maana kwa bei ile ningeweza kuvijaribu vyote viwili.

Siki: vyote viwili kimya, hakuna povu hata moja. Sumaku: wa kuchezea uliganda chembe nyeusi kama punje za ufuta, nikahesabu kumi na tano kwenye kikombe kimoja. Wa bwawa hakuna kitu. Kisha nikatia kila mmoja kwenye chupa ya maji nikatikisa. Wa bwawa ulitua kabla sijamaliza kufuta mikono. Wa kuchezea jana saa mbili usiku ulikuwa kama chai ya maziwa, na leo asubuhi juu bado pana ukungu. Chini ya kioo cha kukuzia chembe za bwawa zimeviringika, wa kuchezea una nyingi zilizovunjika.

Nimeuchagua wa bwawa. Nimeusuuza ndoo nne uani kwa mpira wa maji, watoto wamezamisha mikono hadi viwiko. Wa kuchezea umekwenda kwenye sanduku lao la kuchezea. Pesa iliyobaki imenunua kipimo cha alkalini na sehemu ya mashine ya RO.

Bi Mkubwa, shikamoo. Gobi nichukue mmoja au jozi?

Bi Mkubwa wa Muscat

Marahaba mwanangu. Jozi wanaishi vizuri zaidi, ila usiwalete sasa. Mchanga uliosuuzwa hauna chakula, na gobi anakonda mbele ya macho yako huku anatafuna kutwa. Omba kikombe kimoja cha mchanga mbichi kwa mtu mwenye tangi lenye afya, unyunyize juu, ungoje miezi sita. Usiku mulika kioo kwa tochi. Ukiona vidudu vidogo vyeupe vinakimbia kati ya chembe, ndipo umpeleke binti yako dukani akachague.