Naomba ushauri: tarehe za wazee wetu

Hamjambo wapendwa. Natengeneza kalenda ya ukoo: nani alizaliwa lini, akaoa lini, akafariki lini. Nimekwama kwa babu yake baba. Shangazi, mkubwa wetu aliyebaki, anasema alizaliwa mwaka wa nzige, akachukuliwa upagazi kwenye vita vya 1914–1918, wale wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, walioachia mtaa wa Kariokor pale Nairobi jina. Harusi yake imeandikwa kwa penseli ndani ya Biblia ya nyanya. Mwezi unasomeka, mwaka umefutika.

Aliyewahi kupekua Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue anielekeze: niombe faili za wilaya au za wapagazi? Na mzee asiye na tarehe mnamkumbuka siku gani? Kubuni sitaki kabisa, wajukuu wataiamini. Shangazi naye ameanza kusahau, kwa hiyo nina haraka.