Msaada wa mradi: matone, jeli au vidonge kwa masikio ya mbwa?

Mzee wa Sampuli: Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa mwisho, udaktari wa mifugo, Morogoro. Mradi wangu ni maambukizi ya sikio la nje kwa mbwa. Sikio la kulia naweka matone ya gentamaisini kutwa mara mbili, la kushoto jeli ya florfenikoli inayokaa humo siku kadhaa; zote ni antibayotiki. Mbwa 10, masikio 20. Msimamizi kasoma, kaguna, kanirudishia. Nimekosea wapi?

Dokta Mstaafu: Kaguna kwa sababu umebadilisha dawa na njia kwa mpigo. Jeli ikishinda, utasema imeshinda jeli au florfenikoli? Halafu florfenikoli haifui dafu kwa bakteria aitwaye Pseudomonas, mbwa wenye mdudu huyo watakuvurugia hesabu. Chagua dawa moja yenye njia mbili. Enrofloksasini ipo ya vidonge, ipo ya matone.

Mama Simba: Mimi si mtaalamu, nafuga tu. Ila wangu akiona kichupa anaingia uvunguni. Kutwa mara mbili? Hapana jamani.

Dokta Mstaafu: Mama Simba kagusa penyewe. Pima kichupa kwenye mizani kabla na baada, utajua nani aliweka dawa na nani alikudanganya.

Kijana wa Maabara: Na masikio 20 ya mbwa 10 hayageuki mbwa 20. Mwenye mzio anao pande zote mbili, na vidonge havichagui sikio. Kura ya nani apate dawa ipi ipige kwa mbwa mzima, si kwa sikio. Anayesoma slaidi (kioo chenye uchafu wa sikio) kwenye hadubini asijue mbwa kapewa nini. Ukikuta chachu ya Malassezia peke yake, mtoe huyo, antibayotiki haimhusu.

Mzee wa Sampuli: Maabara ikisema mdudu ni sugu, matone nisimpe?

Kijana wa Maabara: Usikimbilie. Kipimo kile kinakisia dawa inayopita kwenye damu, maikrogramu chache kwa mililita. Matone ya gentamaisini ya asilimia 0.3 yana 3,000. Ila usaha unaizima gentamaisini, kwa hiyo sikio lioshwe kwanza.

Dokta Mstaafu: Na uione ngoma ya sikio kabla. Mfereji wa mbwa unashuka kisha unakata kona, bila otoskopu, kile kifaa cha kuchungulia sikio, huoni kitu. Ngoma ikiwa imetoboka, gentamaisini inaweza kumwacha kiziwi au anapepesuka. Kundi la vidonge nalo liwekee siku ya kukatisha, maana dawa ya kumeza inafika kidogo mferejini. Siku ya 7 hana nafuu? Mpe matone, andika, endelea.

Mzee wa Sampuli: Ahsanteni sana. Jeli nimeifuta. Kuna mwenye mizani ya kuazima inayosoma gramu 0.1?