Mahamri 2: meseji iandikwe kamili ama mikato iendelee?

Mama wa mahamri, Kisauni:
Asalaam aleikum jamani, naleta kesi hapa mniamue manake nyumbani wamenicheka mpaka nimechoka. Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi, watu huagiza kwa simu usiku nami nakanda unga kulingana na hesabu. Nina mteja mmoja, kijana mzuri hana deni, kila Jumapili huchukua mahamri 40 na mbaazi za nazi. Jumamosi usiku akanitumia hivi, nanakili vile ilivo: "xaxa mama kexho leta mahamri 2 mbaazi wacha".

Basi nikasoma mahamri mawili. Nikajiambia labda wageni hawaji, labda kagombana na mkewe, si yangu kuuliza. Asubuhi ikaja tuktuk na beseni kubwa, mimi nikampa dereva mahamri mawili kwenye gazeti. Akalifungua lile gazeti, akalifunga, akalifungua tena kama atafuta mengine ndani. Kumbe kijana alimaanisha mahamri TU, yaani yale 40 ya kila wiki ila mbaazi zisiwepo, na sebuleni ana watu kumi na tano chai ishachemka!

Sasa nauliza, "tu" ina uzito gani? Herufi mbili hizo. Na hiyo 2 lazima kwanza uisome kizungu ndo upate sauti ya Kiswahili, sasa mimi niliyeisoma mbili kama Mswahili ndo nimekosea? Msimamo wangu ni kuwa meseji yenye pesa ama hesabu iandikwe kamili. Mwaonaje?

Kijana wa Likoni:
Mama pole sana lakini wacha niwatetee wenzangu kidogo. Hii mikato haikuja kwa uvivu. Sie tulianza na kabambe, zile za vibonye. Ukitaka s wabonyeza 7 mara nne, x iko kwenye 9 waipata kwa mara mbili tu. Piga hesabu: "sasa" ni mibonyezo kumi, "xaxa" ni sita. "Si" ni saba, c ni tatu, ndo mana ukaona "cjui", "ctaki", "ckuoni". Na meseji moja ilikuwa herufi 160, ukipita hapo inahesabiwa ya pili na kredo yenyewe umesambaziwa na dadako. Ilikuwa akili hiyo si ujinga.

Mama wa mahamri, Kisauni:
Mwanangu sawa nimekuelewa, lakini sai una simu ya tachi, x na s zote ni kugusa mara moja. Sasa wakimbia nini?

Kijana wa Likoni:
Mazoea mama 😂 na ladha pia. Nikimwandikia beshte wangu "Hujambo, habari za jioni" atanipigia aulize nani kafa.

Mwalimu:
Mimi nafundisha Kiswahili sekondari na naona matokeo yake kila muhula. Mtoto ana mawazo mazuri, hoja zake zimepangika, halafu katikati ya insha wakutana na "wa2 wengi hawajui" na yeye mwenyewe hajaona kama kaandika, mkono umeenda peke yake. Kwenye isimujamii twawafunza sajili, kwamba kila mahali pana lugha yake, wanajibu swali vizuri kabisa na jibu lenyewe lina mikato ndani. Hata hiyo meseji tuna neno lake, ni arafa, japo sijawahi kusikia mtu stejini akisema nitumie arafa. Na si mikato pekee. Huku Pwani waniandikia "kitwa chaniuma" badala ya kichwa, "yuwaja" badala ya anakuja, "ndoo hapa" badala ya njoo. Hayo pia ni makosa na yaanzia kwenye simu hizi hizi.

Mzee wa Kuze:
Mwalimu, hapo simama. Xaxa na kitwa usivitie kapu moja. Kitwa, mato (macho), ndia (njia), ndoo, hayo ni maneno ya Mombasa tangu hiyo sanifu yako haijazaliwa. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika hapa 1844 na kamusi yake imejaa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. Halafu 1928 mkutano wa kuchagua lahaja ya kusanifishwa ukafanywa wapi? Hapa hapa Mombasa, na kikachukuliwa Kiunguja, cha Zanzibar! Tumeshindwa nyumbani kwetu. Kwenye mtihani sawa, dai sanifu yako, ndo kazi yako. Lakini mtoto akimwandikia mamake "kitwa chaniuma" hajakosea kitu, kaandika vile mamake asemavyo.

Na mwalia na mikato kama kitu kipya. Babangu alikuwa akiandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mule p hamna, e na i alama moja, o na u alama moja, na ile m ama n ya mbele ya herufi nyengine mara nyingi yaachwa nje. "Baba", "papa" na "pamba" waweza kuzikuta zimeandikwa sawa sawa, ujue mwenyewe ni mzee anakuja, ni samaki ama ni ya kujazia mto. Mashairi ya Muyaka, yule malenga wa zamani wa Mombasa, tumeyapata kwa hati kama hizo. Watu walisoma na wakaelewana, kwa sababu msomaji ajua mwandishi ni nani na ataka nini.

Mimi kinachonikera ni kimoja, salamu na msiba. Mwezi uliopita nimezika dadangu. Nimekaa mkekani, simu yaingia meseji mfululizo, nafungua moja kutoka kwa mtu mzima mwenye watoto: "pole xana innlh". Nikaitazama ile innlh, yaani Inna lillahi. Nguvu za kuandika hiyo x umezipata, jina la Mungu ndo likakushinda kumaliza? Sikumjibu na mpaka leo sijamjibu.

Kijana wa Likoni:
Mzee hapo sina la kusema. Allah amrehemu dada.

Mwalimu:
Pole mzee. Kuhusu kitwa, nakubali nimeteleza, ningesema lahaja, si kosa. Ila kwenye karatasi bado nitapiga mstari mwekundu, sina njia.

Mzee wa Kuze:
Piga, lakini pembeni umwandikie kuwa ni Kimvita, ajue.

Shangazi, Majengo:
Nyote mwahangaika. Mie narekodi sauti natuma, kwisha.

Mama wa mahamri, Kisauni:
Shangazi, sauti nimejaribu, nikiwa na mikono ya unga nagusa simu kwa kiwiko yaenda kwa mtu mwengine 🙈

Haya, Kijana umenitoa ujinga, sikujua x ilikuwa ya kubana vibonye. Na mzee amenena, mimi pia ya msiba siwezi kukata. Lakini hesabu jamani bado. Yule mteja wangu kaniomba msamaha vizuri, na sai hivi nikiandika hapa kaniletea oda ya Jumapili: "mama xamahani tena, jpili mahamri 40 2".

Nimeikodolea macho dakika tano. Ni arubaini tu, ama arubaini na mawili? Ngojeni nimpigie.