Mafundi, hivi kila tone la oili kwenu ni sili ya nyuma ya krenki?

Wakuu, salamu zitafuata baadaye. Leo nina hasira na mafundi, na wale walioko humu ndani wasinipite kimya kimya, waje wajibu.

Gari langu ni 4x4 la zamani, nililinunua likiwa limeshatumika. Injini ni silinda 6 za mstari mmoja, imekaa kwa urefu, na nyuma yake kuna gia boksi ya otomatiki. Likaanza kuacha doa chini, sawa kabisa na pale injini inapoungana na gia boksi. Nikalipeleka gereji. Fundi akapiga jeki upande mmoja, akaingiza kichwa uvunguni, akatoka na kidole cheusi. "Sili ya nyuma ya krenki hiyo bosi. Gia boksi lazima ishuke." Yaani ule mpira unaozuia oili isitoke pale krenki inapotokea nyuma ya injini.

Hapo hata boneti haijafunguliwa. Narudia kwa wale wanaosoma haraka: boneti haijafunguliwa.

Gia boksi ikashushwa, sili mpya ikafungwa, gari likarudi nyumbani na doa likarudi palepale, ukubwa uleule. Kulalamika, naambiwa ni oili ya zamani imebaki, itakauka yenyewe. Haikukauka. Mara sili ni feki. Mara eti gari la zamani lisipovuja ujue halina oili. Hii ya mwisho na vicheko juu, wenzake wote wanacheka, mimi ndiye nimesimama na pochi.

Jamani, oili haipandi. Inashuka kwa uzito wake, na gari likiwa linatembea upepo unaisukuma kwenda nyuma. Tone linalodondoka chini ni mwisho wa safari yake. Ukitaka ilikoanzia, tafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa. Na kwenye injini iliyokaa kwa urefu, karibu kila kinachovuja upande wa nyuma kinaishia tundu lilelile chini ya makutano ya injini na gia boksi: kona ya nyuma ya gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), swichi ya presha ya oili, oringi (vipira vya duara) za pale filta inapofungwa, vizibo vya nyuma ya bloku, gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), hata sili ya mbele ya gia boksi yenyewe. Washukiwa wote hao wanatokea mlango mmoja, halafu mtu anamkamata yule ambaye kumfikia lazima nusu ya gari ifunguliwe! Mimi siamini tena kwamba ni bahati mbaya.

Tena si jambo geni. Ile injini ya Jeep ya lita 4.0 inajulikana kwa hili: tapeti kava inavuja kwa nyuma, au oringi za adapta ya filta zimechoka, oili inateremka mgongoni mwa bloku, sili ya krenki inabebeshwa kesi. Na kwenye injini hiyo sili ya nyuma ni vipande 2, inabadilishwa kwa kushusha sampu na kifuniko cha beringi ya mwisho, gia boksi inabaki ilipo. Kwenye Land Cruiser zenye injini ya 1FZ-FE yenye distributa (kile kinachogawa umeme wa plagi) kuna oringi yake, ikikakamaa ubavu wa injini unalowa mpaka chini na sampu ndiyo inayolaumiwa. Kipira cha kuvaa kidoleni hicho, kinafanya mtu afungue sampu nzima.

Nilichofanya baada ya kuchoka na hadithi: nilifunika alternata na mdomo wa hewa kwa nailoni, nikapulizia dawa ya kuondoa grisi injini ikiwa imepoa, nikasugua kwa brashi, nikasuuza kwa maji kidogo, nikaacha ikauke. Mbele, nyuma, na uvungu wote. Kisha nikaendesha mpaka ikapata moto sawasawa, nikarudi na tochi na kioo kidogo cha mkono. Nyuma ya silinda hedi, kule karibu na ukuta wa kabini ambako mkono unaingia kwa shida, kulikuwa na utando mpya wa oili, bado una rangi ya asali, umetokea kona ya tapeti kava. Kutoka hapo mchirizi mwembamba umeshuka kwenye chuma kisafi mpaka kwenye makutano ya gia boksi. Unaufuata kwa macho kama barabara. Hakuna kipimo, hakuna kompyuta, ni kuosha tu na kuangalia.

Nilipoifungua ile kava, gasketi ilikuwa imekakamaa kama plastiki. Ukiikunja haikunjiki, inakatika. Na kwenye mfereji wake kuna tabaka la silikoni ya buluu juu ya silikoni nyekundu, ushahidi kwamba kuna waliopita kabla yangu, wakaziba na kwenda zao. Sasa hapo niseme neno na ninyi mnaopenda silikoni. Kwanza haishiki kwenye chuma chenye oili, kwa hiyo kumpakia mtu kwa nje huku kunavuja ni kumdanganya. Pili, inayozidi kwa ndani inakatika vipande, inashuka kwenye sampu na kukwama kwenye chujio la pampu ya oili, na injini inakosa oili. Kuna sehemu kiwanda chenyewe kinaagiza tone la silikoni, kwa mfano kwenye kona zenye umbo la nusu mwezi za kava. Tone, si nusu tyubu. Na isubiriwe ikauke, nyingi zinataka saa 24 kukomaa kabisa, si kuwasha gari wakati bado inanuka.

Halafu boliti za kava zile. Magari mengi yanataka kama Nm 10 hivi, hiyo ni nguvu ya kiwiko tu. Fundi wangu alikuwa anazikaza kwa spana ndefu huku anaguna. Kava inapinda, gasketi inabanwa sehemu moja na kuachia nyingine, baada ya muda mfupi unarudi kwake kama mgonjwa wa kliniki.

Niliuliza pia kuhusu ile rangi ya kung'aa, kichupa kidogo unakimimina kwenye oili, unaendesha, usiku unamulika na taa ya ultravioleti na panapovuja panawaka kijani cha njano. Nikajibiwa "hayo mambo ya YouTube". Haya. Basi poda nyeupe ya kawaida je? Safisha, kausha, pulizia pale unapopashuku, washa injini, angalia poda inalowa wapi. Hiyo nayo ni ya YouTube?

Na kuna jambo hakuna hata mmoja aliyeligusa: mfumo wa injini kupumua. Valvu ya PCV, ile inayotoa mvuke tumboni mwa injini, ikiziba, mvuke unaopita kwenye ringi za pistoni unajaa tumboni mwa injini na kutafuta pa kutokea, na unatokea kwenye sili. Unaweza kuweka sili mpya halisi kabisa na ikasukumwa ivuje. Kupima ni bure: gari likiwa sailensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta), fungua kifuniko cha kujazia oili, weka kipande cha karatasi juu ya tundu. Kwa kawaida karatasi inavutwa kidogo. Ikirushwa juu, kuna presha. Ukishabadilisha PCV na mabomba yake ni masafi na bado inarusha kwa nguvu, hapo tuanze kuongea habari za ringi. Yangu ilikuwa imeganda. Kuibadilisha ni kazi ya dakika, ndiyo maana hakuna aliyeitaja.

Sitaki kusahau wauzaji. Gari linakuja kuonyeshwa injini inang'aa, imepakwa na kile kimiminika cha kuleta mng'ao, mnunuzi anasema "limetunzwa". Mimi sasa hivi naamini zaidi injini yenye vumbi kavu. Ukikuta imeoshwa, omba ulizungushe nusu saa, kisha urudi uchungulie uvunguni.

Na wale wa "weka oili nzito itapungua" na wale wa dawa za kuziba: dawa inalainisha mpira uliokauka, inaweza kukusaidia kwa muda kwenye sili, lakini gasketi iliyokatika haiunganiki. Oili nzito asubuhi ya baridi inachelewa kufika juu kwenye kemshafti. Mnatibu doa la sakafuni kwa kuiumiza injini.

Msinijie na habari za "tone tu hilo, jazia". Oili ikidondokea eksozi yenye moto inafuka, harufu inaingia ndani kupitia matundu ya hewa, na ikiwa nyingi gari linaweza kushika moto. Ikiingia kwenye alternata unanunua alternata. Ikijaa kwenye visima vya plagi gari linaanza kukohoa na unauziwa koili. Na katika kujazia kwenyewe, kati ya alama ya chini na ya juu kwenye dipstiki magari mengi ni kama lita 1. Fundi mmoja alinijazia mpaka ikapita alama kwa kidole kizima "isikusumbue njiani". Krenki ikiipiga oili iliyozidi inageuka povu, na povu halilainishi kitu.

Sasa kilichonileta hapa leo. Gasketi ya tapeti kava mpya nimefunga, PCV mpya, nyuma ya injini pakavu kabisa. Lakini tangu ile siku gia boksi iliposhushwa bila sababu, pale chini kuna tone jipya, na hili ni jekundu. Nimempigia fundi, anasema "ni ile sili ya krenki, niletee tena". Nyekundu! Injini yangu inatumia oili ya kahawia, ya gia boksi ndiyo nyekundu.

Wataalamu wa otomatiki, naomba mnisaidie: kama waliirudisha gia boksi huku toki konveta (lile dramu linalounganisha injini na gia boksi ya otomatiki) haijakaa mpaka mwisho kwenye pampu ya gia boksi, sili ya mbele ndiyo iliyoumia peke yake au na pampu yenyewe nayo niihesabu? Gari linaingiza gia vizuri, halitelezi, kiwango cha oili ya gia ndicho kinachopungua. Na huyu fundi, gharama ya kuishusha tena anailipa nani?