Kikundi: Majirani wa Toboni (njia ya miguu na baiskeli chini ya Baipasi ya Kaskazini, Kampala)

ALHAMISI

19:34 Nekesa: Jamani niko salama ila simu imeenda. Naandika kwa simu ya mdogo wangu.

19:34 Hajati: Yarabi! Wapi tena?

19:36 Nekesa: Toboni. Katikati kabisa, pale taa ya pili ilipokuwa. Maji yamefika kwenye kifundo cha mguu, nikashika ukuta kwa mkono mmoja, mkono wa pili namulika kwa simu. Akaja mtu mbele yangu, nikajua anapita kama mimi. Akaichukua kama anayechuma embe.

19:36 Hajati: Amekuumiza?

19:37 Nekesa: Hapana Hajati. Nimelowa tu. Na kiatu kimoja kimebaki mle ndani.

19:38 Papa Deo Fundi Nguo: Pole sana dada. Kiatu cha mguu gani? Kesho asubuhi napita, nitakuangalizia.

19:38 Nekesa: Cha kushoto. Cheusi. Asante Papa.

19:41 Afande Mstaafu: Pole binti. Sasa mtanisikia? Nimesema tangu mwaka jana. Lile tobo lifungwe. Geti la chuma pande zote mbili, kufuli saa moja jioni, kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Funguo mbili, moja kwa Chairman wa mtaa, moja kwangu.

19:42 Mama Shamim: Na mimi ninayetoka kazini saa mbili nipite wapi, Afande?

19:42 Afande Mstaafu: Juu.

19:42 Mama Shamim: Juu 😳

19:43 Mama Makaa: Makaa yamefika, kavu kabisa, gunia na debe. Naleta mpaka mlangoni. Piga simu usiku huu.

19:43 Hajati: Mama Makaa subiri kidogo mama.

19:49 Baba Musa: Afande, kwa heshima. Mimi nilipita juu. Mnajua wote. Mvua ilinyesha, Toboni kumejaa, nikasema leo nivuke juu haraka nifike nyumbani. Upande wa kwanza nikavuka vizuri. Nikasimama pale katikati, kwenye ukingo. Pale ndipo mtu unapojidanganya, unaona umeshamaliza kazi. Kumbe magari ya upande wa pili yanatoka kwenye mteremko, taa unaziona ziko mbali, ukishusha mguu ziko usoni. Miezi minne kitandani. Nina chuma kwenye paja mpaka leo, baridi ikija mimi najua kabla ya redio.

19:50 Hajati: 🙏🏾

19:51 Afande Mstaafu: Baba Musa, sikusema watu wavuke ovyo. Nilisema kwa nidhamu.

19:52 Nekesa: Afande mbona sisi tunakuona kila asubuhi unaruka ukingo na gazeti kwapani?

19:52 Afande Mstaafu: Mimi nimefunzwa.

19:52 Hajati: Gari halijui umefunzwa.

19:53 Mama Shamim: 😂😂

19:58 Shamim: Shikamooni. Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilisema watu 5,144 walikufa barabarani Uganda nzima. Gawanya kwa siku za mwaka, ni watu 14 kila siku. Simu ya da Nekesa inauma, lakini tukifunga chini tutakuwa tunalinda simu kwa miguu ya watu.

20:01 Afande Mstaafu: Marahaba. Sasa usalama wa chini nani atausimamia? Wewe?

20:02 Chairman LC1: Nimewasoma wote. Nitaandika barua kwa ofisi inayohusika.

20:02 Hajati: Chairman, barua ya tatu hiyo.

20:03 Chairman LC1: Hajati, barua ni kama mbegu.

20:03 Hajati: Hizi zako unazipanda kwenye lami.

20:05 Ujumbe huu umefutwa

20:06 Kevo wa Baiskeli: Samahani nimekosea kikundi

20:17 Fundi Barasa: Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa na simenti mkononi. Mimi nimefanya kazi za barabara miaka mingi, niwaambie kitu kuhusu hili la juu na chini, maana kila mkutano kuna mtu anasema tujengewe daraja la juu.

20:24 Fundi Barasa: Lori la kontena lina kimo cha zaidi ya mita 4. Kwa hiyo daraja la waenda miguu lazima likae zaidi ya mita 5 juu ya lami. Hiyo ni ngazi thelathini na kitu kupanda, thelathini na kitu kushuka. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi atazitazama mara moja tu, kisha ataruka ukingo. Baiskeli ya matoke haipandi ngazi hata ukiiombea. Lakini mtu na baiskeli yake chini wanahitaji urefu wa mita 2 na nusu tu. Ndiyo maana chini ni nusu ya kazi. Na pale kwetu hata kushuka hakuna, barabara imeinuliwa juu ya tuta, sisi tunapita sawa na ardhi. Tobo kama letu ni bahati. Kuna mitaa ingelipa ng'ombe kulipata.

20:26 Kevo wa Baiskeli: Fundi nenda pole pole nashika kalamu. Hata pale pa kushuka, ukishuka unapata mwendo unakusaidia kupanda. Kwenye daraja la juu unaanza na mlima.

20:27 Fundi Barasa: Umenena. Sasa maji. Baipasi hii ya kilomita 21, Busega mpaka Bweyogerere, sehemu yake kubwa imepita kwenye vinamasi. Tuta ni la juu, tobo liko chini usawa wa kinamasi. Maji hayana kwingine. Mnalaumu mvua, mimi nalaumu mtaro unaotoka, sijui umeziba wapi. Kesho asubuhi naenda na mti mrefu nitachokoa.

20:29 Papa Deo Fundi Nguo: Tutaenda pamoja. Mimi natafuta kiatu.

20:31 Mama Makaa: Debe limebaki moja

IJUMAA

07:12 Papa Deo Fundi Nguo: [Picha]

07:12 Papa Deo Fundi Nguo: Kiatu hiki hapa. Kimejaa tope lakini ni kizima.

07:13 Nekesa: Ndicho!! Mungu akubariki Papa.

07:40 Fundi Barasa: [Picha]

07:41 Fundi Barasa: [Picha]

07:46 Fundi Barasa: Majirani, kila mwezi tunazibua Toboni na tunarudi nyumbani tumechoka. Tulikuwa tunachota maji ya chungu kilichotoboka. Mle ndani mtaro uko wazi. Umeziba nje, kama hatua 50 mbele, karibu na mayuni (majimbi) ya yule bibi. Nimeingiza mti, ukasimama. Nikasukuma, ukarudi kama spring. Nikashuka. Ni godoro. Godoro zima la futi nne, limekunjwa likasukumwa kwenye kalvati, na nyuma yake mifuko ya plastiki imejipanga kama vitabu.

07:47 Mama Shamim: Godoro??

07:47 Hajati: Nani anatupa godoro mtaroni? Si ampe mbwa alale.

07:48 Fundi Barasa: Na vifuniko vya chuma vya mtaro mle ndani vimebaki viwili kati ya tisa. Vingine vimepelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kevo, uangalie gurudumu lako la mbele. Chini ya maji huoni shimo.

07:50 Kevo wa Baiskeli: Nalijua hilo shimo, limenila spoki tatu. Tuweke sahani za zege, zege hakuna anayelinunua.

07:51 Fundi Barasa: Nitamwaga mimi. Nileteeni simenti mfuko mmoja na nondo nyembamba.

08:15 Mama Shamim: Na taa? Maana maji yakitoka giza litabaki.

08:22 Fundi Barasa: Taa watu wa stima walisema watakuja. Tusiwasubiri. Nawauliza kitu, Toboni kunatisha zaidi saa ngapi?

08:22 Nekesa: Usiku.

08:23 Shamim: Mimi naona saa saba mchana. Unatoka kwenye jua kali, unaingia, huoni chochote mpaka ufike katikati.

08:26 Fundi Barasa: Shamim amepata. Jicho lililotoka kwenye jua linahitaji muda kuzoea. Ndiyo maana matobo makubwa ya magari huwashwa taa kali zaidi mchana kuliko usiku, pale mdomoni. Sisi hatuna hizo. Ila ule ukuta mweusi wa moshi na mikojo unakula mwanga wote. Tukipaka chokaa nyeupe, kuta na dari, mwanga wa mdomoni utaingia wenyewe mpaka ndani. Tia chumvi kwenye chokaa ishike vizuri. Na kile kichaka cha upande wa sokoni kifyekwe. Kabla mtu hajaingia lazima aone upande wa pili wote, kama kuna mtu amesimama pale, amwone.

08:31 Shamim: Nilipokuwa Amsterdam kwa masomo kuna tobo chini ya stesheni kuu, lilifunguliwa 2015, urefu mita 110. Upande wa baiskeli na upande wa waenda miguu haviko usawa, wa miguu umeinuliwa kidogo. Na ukuta wa upande wa miguu wote ni vigae, bluu na nyeupe, picha ya meli za zamani baharini. Watu wanapunguza mwendo kutazama.

08:32 Afande Mstaafu: Hapa kwetu zile meli zingekuwa jikoni kwa mtu kabla ya Ijumaa.

08:32 Hajati: 😂 Afande leo umeamka vizuri

08:40 Afande Mstaafu: Chokaa sawa. Kichaka sawa. Bado hamjanijibu kuhusu boda. Wanaingia mle na injini, honi, wawili wawili. Wekeni vigingi vya chuma pale mdomoni.

08:44 Kevo wa Baiskeli: Afande, mkungu wa matoke kushoto, mkungu kulia, mimi ni mpana kuliko boda. Kigingi kitakachomzuia boda kitanizuia mimi kwanza. Na yule mzee wa baiskeli ya magurudumu matatu, mlemavu, atapita wapi?

08:45 Afande Mstaafu: Hmm.

08:46 Hajati: Mimi ni wa Busia, nawakumbusha tu kwamba boda boda ilianza kwetu mpakani na ilikuwa baiskeli. Anayewafukuza baiskeli ili awazuie boda amemfukuza baba kwa ajili ya mtoto.

08:52 Chairman LC1: Nimeongea na mwenyekiti wa steji. Amekubali. Zima injini, shuka, sukuma. Atakayepita amewasha, steji inamtoza elfu 10 na hapakii siku nzima.

08:52 Hajati: Chairman! Hiyo imeshinda barua zote tatu.

09:10 Mama Shamim: Naomba niseme na mimi. Tangu lini watu wameanza kuporwa Toboni? Hesabuni. Ni tangu Mama Rolex, muuza chapati za mayai, alipoondolewa. Alikuwa anakaa pale mdomoni na jiko lake na ile taa ya sola mpaka saa nne usiku. Mimi nilikuwa napita saa mbili namsalimia, ananiuliza watoto. Mwizi anaanzia wapi hapo?

09:11 Nekesa: Kweli kabisa. Nilikuwa nasikia harufu ya kitunguu nikiwa katikati, najua nimefika.

09:13 Chairman LC1: Aliondolewa kwa sababu alikuwa anaziba njia. Waliokuja walikuwa na haki.

09:14 Baba Musa: Alikuwa anaziba, ni kweli. Meza yake na mabenchi mawili. Mimi na magongo yangu nilikuwa napita kwa upande. Lakini afadhali kupita kwa upande.

09:15 Fundi Barasa: Asikae mdomoni. Akae hatua sita nje, kushoto, pale penye ile slabu ya zamani. Akitazama anaona ndani mpaka upande wa pili. Na njia inabaki wazi.

09:16 Chairman LC1: Kibali kitatoka wapi?

09:16 Hajati: Kwenye barua yako ya nne, Chairman. Hiyo iandike.

09:30 Chairman LC1: Sawa. Kesho Jumamosi saa moja asubuhi bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya mtaa. Kila nyumba mtu mmoja na elfu 5. Majembe, panga, ndoo. Fundi ndiye msimamizi.

09:31 Mama Makaa: Mimi natoa gunia tupu za kubebea takataka

09:31 Hajati: Mama Makaa umenifurahisha

JUMAMOSI

10:48 Papa Deo Fundi Nguo: [Video]

10:49 Papa Deo Fundi Nguo: Godoro limetoka! Watu saba na kamba. Sikilizeni sauti ya maji.

10:50 Nekesa: Eee limekohoa kama mzee

10:55 Shamim: Maji yametoka Toboni kwa dakika 20 hivi. Chini kumbe kuna mstari mweupe katikati ya sakafu! Baiskeli upande huu, miguu upande huu. Miaka yote sikuwahi kuuona.

11:02 Mama Shamim: Umepata simu ya Nekesa humo?

11:02 Shamim: Hapana mama. Vijiko vitatu na bamba la namba ya gari.

16:20 Fundi Barasa: Chokaa mkono wa kwanza tayari. Mkono wa pili kesho. Sahani za zege msizikanyage mpaka Jumatano, nimeweka matawi. Kevo nakuambia wewe.

JUMAPILI

18:55 Mama Rolex: Habari za jioni majirani. Chairman ameniongeza humu. Niko pale kwenye slabu, ruhusa ni ya wiki mbili huku barua ikisubiri jibu. Mayai yako trei moja tu.

18:56 Nekesa: Mama karibu!! Moja ya mayai mawili, nakuja sasa hivi.

18:57 Baba Musa: Mbili. Atakuja Musa kuchukua.

18:59 Afande Mstaafu: Mbili, kitunguu kwa wingi, pilipili weka kando.

18:59 Mama Rolex: Sawa Afande. Uko upande wa pili wa barabara?

19:00 Afande Mstaafu: Ndiyo. Nakuja.

19:00 Hajati: Unakuja kwa juu au kwa chini?

19:04 Afande Mstaafu: Chini. Lakini nimevaa gambuti, sijawaamini.