Naomba ushauri: Sega la kusafisha moshi wa injini, CO (kaboni monoksidi) imegoma kushuka

Pistoni_Moja:
Wakuu, salaam. Niko mwaka wa mwisho uhandisi mitambo. Mradi wangu ni chujio la kichocheo kwa injini ya petroli ya pikipiki: silinda moja, cc 150, mipigo minne, kabureta. Platinamu, paladiamu na rodiamu siziwezi, nimetumia oksidi ya shaba juu ya alumina (oksidi ya alumini).

Nimekata wavu wa chuma cha pua, duara 12 za kipenyo cha sentimita 5, nikazichovya kwenye uji wa alumina, nikakausha, nikazichovya tena kwenye naitreti ya shaba na kuzichoma kwenye tanuri nyuzi 500. Nimezibana ndani ya kopo la urefu wa sentimita 4, nikalichomelea mwishoni kabisa mwa ekzosi maana ndiko kulikuwa rahisi kufika.

Kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, CO kabla ya chujio ni 3.8%, baada ya chujio 3.6%. Oksijeni kwenye moshi 0.6%. Injini imekuwa nzito, na nikitikisa kopo nasikia unga ndani. Msimamizi anasema nipunguze matundu ili moshi usipenye bila kuchujwa. Nisaidieni kabla sijaharibu wavu mwingine. Naomba kuwasilisha.

Kichwa_Silinda:
Mkuu, kwa heshima zote kwa mwalimu wako, moshi si chai ya kuchuja. CO inapita popote hewa inapopita. Ukiziba tundu la kuizuia, umeizima injini. Kichocheo kinafanya kazi kwa uso wake: gesi inagusa, inageuka, inaondoka. Chujio la kweli ni lile la masizi ya dizeli, ambalo vijia vyake vimezibwa kwa kupishana ili moshi ulazimike kupenya ukutani. Wewe unataka sega lililo wazi, lenye vijia vingi vyembamba kama la nyuki. Ndiyo maana injini ni nzito, umeiwekea kitambaa mdomoni.

Halafu, mwishoni mwa ekzosi kuna joto gani?

Pistoni_Moja:
Nimepima leo, nyuzi 190.

Kichwa_Silinda:
Basi limelala hilo. Hata masega ya platinamu huamka kwenye nyuzi 250 hadi 300 hivi, na ya shaba usitegemee yawahi zaidi. Lisogeze karibu na kichwa cha silinda.

MamaOksijeni:
Kusogeza ni lazima, lakini mdogo wangu, jibu lako umeshaliandika mwenyewe bila kuliona. Molekuli mbili za CO zinahitaji moja ya oksijeni. Una oksijeni 0.6%, kwa hiyo hata sega la rodiamu tupu lingeunguza CO 1.2% tu, na hapo nimejifanya haidrokaboni (mafuta yasiyoungua) na haidrojeni hazigombei hiyo hiyo. Zinagombea. Toka 3.8% usingeshuka chini ya 2.6%.

Usikimbilie kuongeza hewa kwanza. Kila 1% ya CO inayoungua inapandisha joto la gesi kwa nyuzi 90 hivi. Moshi ukiingia na nyuzi 500, ukaunguza yote 3.8%, unatoka na zaidi ya 800. Kwa joto hilo chembe za shaba huungana, uso unapungua, na sega linakufa huku unalitazama.

Anza na kabureta. Petroli inahitaji hewa kilo 14.7 kwa kila kilo ya mafuta, na CO 3.8% maana yake mafuta yamezidi sana. Shusha ifike 1.5% hivi, bila kuikausha injini (kuipunja mafuta) mpaka ipate moto kupita kiasi. Ndipo uweke vali ya ulimi, ile inayoruhusu hewa kuingia tu bila moshi kutoka, baada ya kichwa cha silinda: mapigo ya moshi yatavuta hewa yenyewe, huhitaji pampu.

Gesi_Kavu:
Mimi ningeanza na ukubwa. Cc 150, mizunguko 3000, injini inavuta mara moja kila mizunguko miwili: lita 225 kwa dakika, 13,500 kwa saa, kama umefungua mafuta mpaka mwisho. Kopo lako lina ujazo wa lita 0.08 hivi. Gesi inakaa humo sekunde 0.02, na ikiwa ya moto imetanuka, inakaa pungufu ya 0.01. Tafuta kopo la ujazo karibu na wa injini yenyewe.

Tanuri_Moto:
Huo unga ni koti linabanduka. Chuma cha pua kinatanuka kuliko alumina, ukipaka nene linapasuka siku ya kwanza. Paka jembamba, puliza ziada, kausha, rudia. Kama unaweza kupata chuma chenye kromiamu na alumini, kichome hewani nyuzi 900 kwa saa kadhaa: kinaota ngozi yake ya alumina na koti linashika hapo. Au kata kipande cha sega la kauri lisilopakwa, lenye matundu 400 kwa inchi ya mraba. Kila tundu ni kama milimita moja na moshi unapita bila kelele.

Na ule moshi wa kahawia unapochoma naitreti ya shaba ni sumu. Fanya chini ya kifyonza hewa, si dirishani.

Pistoni_Moja:
Kumbe ndiyo iliyonikohoza. Na oksidi za nitrojeni je? Nimeahidi kwenye pendekezo la mradi.

MamaOksijeni:
Ukimwaga hewa mbele ya sega, hizo sahau. CO itachukua oksijeni iliyo huru, haina haja ya kuing'oa kwenye NO, yaani hizo oksidi za nitrojeni. Njia ya zamani ilikuwa vipande viwili: cha kwanza bila hewa kushughulikia NO, hewa inaingia katikati, cha pili kumalizia CO. Sega la siku hizi linafanya yote pamoja kwa sababu sensa ya oksijeni inashikilia ile 14.7, na seria (oksidi ya seriamu) ndani ya koti inatunza oksijeni kidogo ya akiba. Kabureta haiwezi hilo. Ningeenda kumwambia msimamizi mapema.

Pistoni_Moja:
Mrejesho, wiki tatu baadaye. Sega la kauri, lita 0.15, sentimita 20 kutoka kichwa cha silinda, vali ya ulimi imewekwa. Kabla: CO 1.5%, CO2 13.0%. Baada: CO 0.6%, CO2 11.5%. Injini nyepesi. Nimeandika ufanisi 60%!

Gesi_Kavu:
Hongera, ila futa hiyo 60. CO2 imeshukaje wakati CO inageuka kuwa CO2? Hewa yako imechanganyika na moshi. Gawanya CO kwa jumla ya CO na CO2: kabla 10.3%, baada 5.0%. Ufanisi ni 52%.

Pistoni_Moja:
Duh. Nimekokotoa upya, ni 52 kweli. Kesho napunguza kipenyo cha bomba la hewa.